Chakula kikavu cha mbwa: cha daraja la juu au cha bei nafuu?

Mama Bahati ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa watu waliofuga mbwa kwa muda mrefu kuliko mimi, na hasa wa wenye taaluma ya mifugo kama wamo humu.

Nina mbwa wawili. Mkubwa ni jike wa miaka 6 anayeitwa Bahati, amefungwa kizazi, na alipopimwa mwaka jana alikuwa na kilo 20. Mdogo ni dume wa miezi 4, Jabali, wa aina ya mbwa ambao wakikomaa huvuka kilo 40. Bahati amekula chakula kikavu cha bei ya chini tangu akiwa mdogo na sijaona tatizo kubwa, isipokuwa kinyesi chake ni kingi. Nilipomleta Jabali nyumbani, muuzaji mmoja aliniambia kwamba chakula hicho ni pumba tupu, na kwamba mtu anayempenda mbwa wake hamlishi kitu cha namna hiyo. Maneno hayo yaliniuma, maana ninawapenda sana. Hata hivyo, chakula alichonishauri kinauzwa kwa mara 2 na nusu ya bei ya kilo ninayolipa sasa, na kwa mbwa wawili, mmoja akiwa bado anakua, gharama hiyo nitaihisi kila mwezi.

Nimeiweka mifuko yote miwili mezani nikaisoma. Wa bei nafuu umeandikwa protini isiyopungua asilimia 21, mafuta 9, unyevu 10, na nishati kilokalori 3,200 kwa kilo; viungo vyake vinaanza na mahindi, kisha unga wa nyama na mifupa, soya na pumba za ngano. Wa bei ya juu una protini asilimia 26, mafuta 18, unyevu 9, na kilokalori 3,800 kwa kilo. Viungo vinaanza na kuku mbichi, kisha mchele, unga wa kuku na mafuta ya kuku. Je, tofauti hii ni ya kweli, au ninalipia picha iliyo juu ya mfuko? Na kama ninaweza kumpa mmoja tu chakula cha bei ya juu, nimpe nani?

---

Daktari wa Mifugo amejibu:

Mama Bahati, kwanza usikubali kupimiwa mapenzi yako kwa bei ya mfuko. Maneno kama "daraja la juu" au "bora zaidi" hayana tafsiri ya kisheria hata Marekani, ambako kanuni za lebo za vyakula vya wanyama ni nyingi. Mtengenezaji yeyote anaweza kuyachapisha mbele ya mfuko wake bila kubadilisha hata punje moja iliyomo ndani.

Sentensi yenye uzito huwa imechapishwa kwa herufi ndogo, mara nyingi ubavuni au nyuma ya mfuko. Ndiyo inayosema kama chakula ni kamili na chenye uwiano, yaani mbwa anaweza kukila peke yake maisha yake yote bila kupungukiwa, na kwa hatua ipi ya maisha: ukuaji, utu uzima, au hatua zote. Marekani, viwango vinavyotumika hutolewa na jumuiya ya wasimamizi wa vyakula vya mifugo inayoitwa AAFCO. Ulaya, viwanda hufuata mwongozo wa shirikisho lao, FEDIAF. Chakula kisicho na sentensi hiyo, au kinachojiita cha nyongeza tu, hakifai kuwa mlo wa kila siku hata kikiwa ghali kiasi gani. Tafadhali itafute sentensi hiyo kwenye mifuko yote miwili kabla hatujaenda mbali.

Sasa turudi kwenye tarakimu zako, kwa sababu zina jambo ambalo wengi hawalioni. Mbwa halishwi kwa asilimia, bali hupimiwa chakula kwa nishati anayoihitaji. Ukigawa protini kwa nishati, chakula cha bei nafuu kinatoa takriban gramu 66 za protini kwa kila kilokalori 1,000, na kile cha bei ya juu takriban gramu 68. Ile tofauti ya 21 na 26 iliyokutisha karibu yote inafutwa na mafuta mengi zaidi yaliyoujaza mfuko wa pili nishati.

Hesabu ya gharama nayo ifanywe kwa siku, isifanywe kwa kilo. Mbwa wa kilo 20 akiwa amepumzika anahitaji takriban kilokalori 660 kwa siku. Kwa aliyefungwa kizazi na anayeishi maisha ya kawaida, tunazidisha kwa 1.6 kama mahali pa kuanzia, tunapata takriban 1,060. Hizo ni gramu 331 za chakula cha bei nafuu au gramu 279 za kile kingine. Kwa hiyo bei iliyokuwa mara 2 na nusu kwa kilo inashuka hadi kidogo zaidi ya mara 2 kwa siku. Bado ni kubwa, na anayekuambia kwamba chakula ghali hujilipia chenyewe kwa sababu mbwa hula kidogo anatia chumvi.

Kuhusu orodha ya viungo: vinapangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ana maji karibu asilimia 70, na maji hayo huondoka kiwandani, kwa hiyo kuku aliyeandikwa wa kwanza anaweza kuchangia protini kidogo kuliko unga wa kuku ulioandikwa wa tatu, ambao umekwisha kukaushwa. Maini, figo na mapafu yanayoitwa mazao ya kando ya machinjio nayo yana lishe nzuri, na mbwa angeachiwa mzoga angeanza na hayo. Mahindi pia si uchafu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga. Amekaa na binadamu muda wa kutosha kula wanga uliopikwa.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba vyakula vyote ni sawa. Kile kinachoitwa protini kwenye lebo hakipimwi moja kwa moja: maabara hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi nyama laini na kano ngumu, na kinaweza kudanganywa. Mwaka 2007, vyakula vingi vya mbwa na paka viliondolewa sokoni Amerika Kaskazini baada ya wanyama kuharibika figo na kufa, na ikagundulika kwamba gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini. Vyakula vya bei tofauti vilikuwa vimetumia malighafi ileile. Kinachotofautisha kiwanda na kiwanda, basi, ni upimaji wa malighafi kabla haijaingia kwenye mashine, na ni haki ya mnunuzi kumwandikia mtengenezaji na kumuuliza nani anaandaa fomula zake, ana elimu gani ya lishe ya wanyama, na kila shehena inapimwa nini. Anayejibu kwa uwazi nampa alama, hata kama bei yake ni ya kati.

---

Mzee wa Mbwa Saba amejibu:

Daktari amesema mengi ya haki. Mimi niongeze yale niliyoyaona kwa macho, kwa kuwa nimelisha mbwa wasio na wenyewe kwa zaidi ya miaka 10, na uwezo wangu haujawahi kuruhusu chakula cha bei ya juu kwa wote saba.

Kuna chakula cha bei nafuu kinachofaa na kuna kisichofaa, na nililijua hilo kupitia jike mmoja mweusi niliyempokea akiwa mdogo. Baada ya miezi kadhaa alianza kutoka magamba makavu, ya kijivu, kuzunguka midomo na macho, kisha kwenye viwiko. Nyayo zake zikawa ngumu na kupasuka hata akawa anatembea kama anayekanyaga miiba. Nilimpaka mafuta, nikamwogesha kwa sabuni ya dawa, nikafikiri ni ukoko. Tabibu aliyemwona aliniuliza swali moja tu: anakula nini? Nilipomletea mfuko, hakukuwa na sentensi yoyote ya kwamba chakula ni kamili. Alinieleza kwamba nafaka nyingi na pumba zina fitati, ambayo hushika madini ya zinki yasifyonzwe utumboni, na kwamba tatizo hilo la ngozi lilielezwa na matabibu tangu miaka ya 1980 kwa mbwa waliolishwa vyakula rahisi visivyo na jina la kutegemewa. Nilihamia chakula kingine chenye bei ileile, kwa tofauti isiyofika hata kutajwa, ila chenyewe kilikuwa na ile sentensi. Ndani ya wiki chache magamba yakaanza kubanduka na chini yake nywele zikaota upya. Nilishukuru, lakini niliona uchungu pia kwamba mnyama aliteseka kwa sababu sikugeuza mfuko nyuma nikasoma.

Dada, usidharau kile ulichosema juu ya kinyesi kingi. Kinyesi ndicho hati ya chakula. Chukua chakula kinachomeng'enywa kwa asilimia 75: ukimpa gramu 330, zaidi ya gramu 70 kavu zitatoka nyuma. Kikiwa kinamengʼenywa kwa asilimia 87 na akala gramu 280, zinatoka chini ya gramu 40. Mimi huangalia kila asubuhi: kiwe kimeshikana, kiokoteke bila kuacha doa, kisiwe na makamasi wala harufu ya kuoza iliyopita kawaida. Kinyesi kingi lakini kizuri hakinisumbui. Kinyesi laini kila siku, hata mbwa akiwa mchangamfu, kinanifanya nibadilishe chakula.

Jambo la mwisho ni ghala. Niliwahi kununua mfuko mkubwa kupita kiasi kwa kuwa kilo yake ilikuwa rahisi, nikaumimina kwenye pipa lililokuwa na mabaki ya zamani. Mwezi wa pili mbwa walinusa na kuondoka. Mafuta yalikuwa yamechacha, na chini kabisa kulikuwa na unyevu na ukungu, na katika chakula chenye mahindi ukungu ni jambo la kuogopa kwa sababu ya sumukuvu, ambayo huua ini la mbwa. Siku hizi chakula hukaa ndani ya mfuko wake, mdomo umekunjwa na kubanwa, mfuko ukiwa ndani ya pipa safi lenye kifuniko, na sinunui zaidi ya kile kitakachokwisha ndani ya wiki 6.

---

Mlezi wa Majitu amejibu:

Nimelea mbwa wakubwa watatu tangu utotoni mwao, kwa hiyo nitazungumzia Jabali peke yake, kwa sababu naona hatari iko upande wake kuliko kwa Bahati.

Kwa mtoto wa mbwa atakayevuka kilo 40, usitazame protini kwanza, tazama kalsiamu na nishati. Mbwa mchanga hawezi vizuri kuzuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini; ikizidi kwenye chakula, inazidi kwenye damu na mifupa, na mifupa inayokua haraka huathirika umbo lake. Kwa wangu wa kwanza nilifanya makosa mawili kwa nia njema: nilimpa chakula chenye nishati nyingi apate mwili upesi, na juu yake nikanyunyiza unga wa kalsiamu niliouziwa kama wa kuimarisha miguu. Alipofika miezi 7 miguu ya mbele ilikuwa imepinda kuelekea nje kuanzia kwenye kifundo. Ninakumbuka alivyokuwa akisimama kwa awamu, kwanza nyuma, kisha anangoja, kisha mbele. Alitembea hivyo maisha yake yote.

Viwango vya AAFCO vinataka chakula cha ukuaji kiwe na kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2 ya chakula kikiondolewa unyevu, na kwa mbwa wanaotarajiwa kufika takriban kilo 32 au zaidi, isizidi 1.8. Kwa aina nyingine kikomo ni 2.5. Ndiyo maana chakula cha "hatua zote za maisha" kinaweza kuwa halali kabisa na bado kisimfae Jabali. Soma ile sentensi mpaka nukta yake ya mwisho, kwa kuwa kipande kinachohusu mbwa wakubwa huwa mwishoni.

Na usishawishike kununua chakula kisicho na nafaka eti kwa sababu ni cha daraja la juu zaidi. Punje haiwezi kushikana bila wanga, kwa hiyo mahali pa mchele au mahindi huwekwa njegere, dengu au viazi. Mwaka 2018, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuwa inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka wakila vyakula vya namna hiyo, vingi vikiwa na jamii ya kunde nyingi. Chanzo hakijathibitishwa mpaka leo, lakini mimi sioni sababu ya kulipa zaidi ili niingie kwenye swali hilo, ilhali vitu vinavyosababisha mzio wa chakula kwa mbwa mara nyingi zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku. Ngano huja baada ya hao.

---

Mama Bahati amerudi:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimefanya mlivyoniagiza, na majibu yamenishangaza.

Mfuko wa bei nafuu unayo ile sentensi: chakula kamili na chenye uwiano kwa mbwa waliokomaa. Mfuko wa bei ya juu unasema ni kamili kwa hatua zote za maisha, "isipokuwa ukuaji wa mbwa wa maumbo makubwa". Maneno hayo yako kwenye mkunjo wa chini, nyuma, ambako gundi imefunika nusu ya herufi. Kwa hiyo kile nilichohimizwa nimnunulie Jabali hakikutengenezwa kwa ajili yake, na muuzaji alikuwa akimwona nikiwa nimempakata. Kati ya mifuko miwili niliyokuwa nikiumiza kichwa kuichagua, hakuna uliokuwa wake.

Jambo la pili linamhusu Bahati. Nimekuwa nikimpimia kwa kikombe kilekile tangu zamani, vikombe viwili asubuhi na viwili jioni. Baada ya kusoma hesabu ya Daktari nilimwaga kipimo cha siku nzima kwenye mizani ya jikoni, ikasoma gramu 410. Kikombe kinajazwa kwa kuchota, na mkono wangu umekuwa mkarimu. Nilipompeleka kwenye mizani kubwa alikuwa na kilo 22 na nusu. Nikimpapasa ubavuni nazipata mbavu, lakini ni lazima nibonyeze. Je, nimbadilishie chakula au nimpunguzie tu?

---

Daktari wa Mifugo amejibu:

Mpunguzie, na chakula kibaki kilekile. Kama ngozi yake ni safi na kinyesi kimeshikana, hakuna kinachokulazimisha kuhama. Kuna utafiti uliofuatilia mbwa 48 aina ya Labrador kwa miaka 14, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, chakula kilekile, na waliishi kwa wastani takriban miaka 1.8 zaidi, huku maumivu ya viungo yakichelewa kuwapata. Mimi sijui mfuko wowote wa daraja la juu unaoweza kuonyesha ushahidi wa namna hiyo. Anza na gramu 330 kwa siku kwenye mizani, ukihesabia uzito wa kilo 20 unaotaka aufikie, wala si wa sasa. Vipande vya zawadi navyo vihesabiwe humo, visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati yake. Mpime tena baada ya wiki 2. Akiwa hajapungua kabisa, toa gramu 30 nyingine. Unapofikia mahali mbavu zinahisika kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako, umefika.

Kwa Jabali, tumia fedha ulizotaka kuongeza, lakini uzitumie kununua chakula kilichoandikwa wazi kwamba kinafaa ukuaji, wakiwemo mbwa wa maumbo makubwa. Vipo vya bei ya kati. Usimwongezee kalsiamu wala mchanganyiko wowote wa madini. Mbadilishie polepole kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, na kinyesi kikilegea simama pale ulipofika kwa siku mbili kabla ya kuendelea. Mpime kila baada ya wiki 2 na uandike uzito wake. Kipimo kilicho kwenye mfuko ni cha kuanzia tu, na kwa mbwa wa aina yake ni afadhali awe mwembamba kidogo akikua kuliko kuwa mnene.

---

Mama Bahati amerudi:

Nimekipata, na safari hii niliugeuza mfuko kabla ya kuuliza bei. Umeandikwa kwamba unafaa ukuaji wa mbwa wote, wakiwemo wanaotarajiwa kuvuka kilo 32, na kalsiamu ni asilimia 1.3. Kilo yake inauzwa kwa bei iliyo karibu katikati ya ile mifuko miwili ya mwanzo. Leo asubuhi nimechanganya robo ya kwanza ya Jabali, naye Bahati amekula gramu zake 165 za asubuhi, akalamba bakuli, kisha akakaa mbele ya mizani akiitazama.